Kilwa: safari ya kumtafuta binti wa Mrimba

Ijumaa. Mbagala hadi Kilwa Masoko

Basi la kusini limejaa kabla hakujapambazuka. Wapiga debe wa Rangi Tatu wanaapa kwamba kuna siti, na siti yenyewe ni ndoo iliyopinduliwa katikati ya njia. Nimewahi dirisha la kushoto. Mkobani nina daftari, dawa ya mbu na nakala za tarehe ya Kilwa, yaani historia ya mji ilivyoandikwa zamani, katika matoleo yake matatu, maana safari hii naifanya kwa ugomvi. Hadithi ya Washirazi imenichosha. Au niseme imenichosha namna tunavyoigombania.

Kwa ambaye hajaisikia: Kilwa, inasemekana, ilianzishwa na Ali bin Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shiraz, Uajemi. Toleo la Kiarabu, Kitab al-Sulwa, lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 16, Wareno wakiwa wameshauvamia mji. Humo sultani wa Shiraz anaota panya mwenye pua ya chuma akitafuna ukuta wa mji wake. Anaamka, anaona huo ni mkosi, anapakia majahazi 7, yeye na wanawe 6, na kila jahazi linatia nanga mahali pake kuanzia pwani ya kaskazini mpaka Anjouan, Komoro. Toleo la pili aliliandika Mreno João de Barros na likachapwa mwaka 1552. Hakuna panya humo. Ali anadharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake ni mtumwa Mhabeshi, basi anaamua kwenda kutafuta pa kuishi kwa amani. Nirudie hapo, kwa sababu watu hupapita haraka: katika habari ya zamani kabisa tuliyonayo iliyochapwa, huyo Mshirazi tunayeambiwa alileta ustaarabu Afrika alikuwa na mama Mwafrika, na alihama kwa ajili hiyo.

Toleo la tatu ni la Kiswahili. Liliandikwa wakati wa Wajerumani kutoka vinywani mwa wenyeji, na mimi ndilo ninalolipenda. Halianzii Shiraz hata kidogo. Linaanza kwa kutaja watu waliokuwapo: Wamtakata, halafu Wajasi, halafu mzee mmoja Mrimba, Mmachinga, ambaye ndiye mkuu wa kisiwa. Mshirazi anakuja na merikebu, anaomba kukaa, anamposa binti wa Mrimba na kumwoa. Baadaye anaomba auziwe kisiwa. Bei: nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Anazitandaza, Mrimba anazikusanya na kuhamia bara.

Nguo zina rangi, panya ana pua ya chuma, majahazi yana idadi. Binti hana hata jina.

Kambi mbili zimekuwa zikirushiana maneno juu ya hadithi hii. Maofisa na wasomi wa kikoloni waliishika kwa mikono miwili, kwani iliwaruhusu kuyaeleza majumba ya mawe bila kumpa sifa yule mtu waliyekuwa wakimtoza kodi ya kichwa. Baada ya uhuru ikaja kambi ya pili: uongo mtupu, hakuna Mwajemi aliyekanyaga hapa. Nimewahi kukaa kambi zote mbili kwa nyakati tofauti. Zinahesabu mababa tu.

Ikwiriri machungwa. Daraja la Mkapa, Rufiji imejaa na maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Somanga samaki wa kukaanga wanaopitishwa dirishani. Nangurukuru tunaiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kuelekea baharini. Masoko jua likiwa bado kali. Gesti ina feni na neti, sina la kulalamikia.

Jumamosi. Kisiwani

Kibali nimekipata asubuhi hapa Masoko, pamoja na mwongozaji, kijana mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu. Ng'ambo ni karibu, unaona ukuta wa Gereza, ngome ya zamani, ukiwa bado unajadili nauli.

Nahodha ni mtu mzima. Nilimuuliza kuhusu ile sehemu ya hadithi ambayo watu huvuka kwa miguu maji yakipwa. Toleo la Kiarabu linasema Washirazi waliuchimba mkondo baada ya kununua kisiwa, ili mwenye kisiwa asiweze kurudi na jeshi lake. Toleo la Kiswahili linasema sultani alichinja kafara na kusoma Qurani, na Mrimba alipofika ufukweni kungoja maji yatoke, maji hayakutoka. Nahodha alinitazama kwa huruma. "Hata bamvua kubwa namna gani, hapa hupiti kwa miguu. Hii bandari ina kina, meli inaingia. Wewe unataka uvuke umekunja suruali?" Kisha akafikiri kidogo. "Labda huko nyuma, mikokoni."

Gereza linapigwa picha kuliko jengo lolote hapa kwa sababu ndilo la kwanza kuonekana. Wareno walijenga ngome yao walipouteka mji mwaka 1505 na wakaihama mwaka 1512. Kuta zilizosimama leo kwa sehemu kubwa ni za Waomani wa karne ya 19. Tukapita.

Msikiti Mkuu ndio nilioujia. Ukiingia unatembea ndani ya miaka mia kadhaa bila kuhisi: upande wa kaskazini ni ukumbi mdogo wa kale, wa karne ya 11 au ya 12, ambao paa lake lilibebwa na nguzo za miti, upande wa kusini ni ule upanuzi wa karne ya 14 ulioporomoka na kujengwa upya karne ya 15, wenye kuba moja baada ya nyingine. Nilikaa chini ya kuba nikaweka kiganja ukutani. Palipobanduka chokaa unaona tumbawe lenyewe, lina vijitundu kama nyota, maelfu, na kila kijitundu kiliwahi kuwa nyumba ya mdudu wa baharini.

Mwongozaji alisimama pale kibla akaanza: "Msikiti huu ulijengwa na Washirazi." Aliisema kwa sauti ya kukariri, na mimi nikamuuliza swali lisilokuwa kwenye somo lake. Hili jiwe lilipatikanaje? Hapo sauti yake ikabadilika. Tumbawe la kuchongea, akasema, hukatwa baharini likiwa bado hai, kwa sababu likiwa bichi ni laini kama muhogo. Unalichonga upesi, likikauka linagoma. Chokaa nayo: unapanga magogo duara, unapandisha matumbawe juu, unatia moto, na baada ya hapo huigusi, unaiacha inyeshewe. Chokaa ikitumiwa moto moto ukuta unapasuka. Boriti ni za mkoko, na mkoko haukupi mti mrefu ulionyooka zaidi ya kiasi, ndiyo maana vyumba vya kale vyote ni vyembamba. Haya yote ameyajua wapi? Babu yake alikuwa mchoma chokaa.

Nilimwambia, basi wajenzi ni ninyi. Akacheka kidogo, lakini nilimwona anaigeuza ile habari kichwani. Ndicho kinachoniudhi zaidi katika kilichofanywa na hadithi hii. Ufundi umekaa nyumbani kwake vizazi na vizazi, na sifa yake imepelekwa Shiraz.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba hapa kati ya mwaka 1958 na 1965 au karibu na hapo, alikuta chini ya mji wa mawe mji mwingine: nyumba za miti na udongo za tangu karne ya 9 hivi, mabaki ya uhunzi wa chuma, vigae vya vyungu vya aina ileile inayopatikana pwani nzima. Sarafu za Ali bin Hasan zenyewe ni za baadaye. Chittick aliziweka mwishoni mwa karne ya 12. Hazina ya sarafu iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ikazirudisha nyuma hadi karne ya 11. Kwa hesabu yoyote, Ali alikuta watu, na watu wenye mji. Cha ajabu ni kwamba Kitab al-Sulwa linakiri hilohilo bila kulazimishwa: majahazi yalipofika Kilwa yalimkuta Mwislamu na familia yake, na msikiti tayari umejengwa. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wa mauziano ya kisiwa. Wakoloni waliosoma kitabu hiki kwa makini sana waliuruka mstari huo.

Jioni kijijini, bibi mmoja alikuwa anasuka ukili kibarazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

"Dar."

"Dar si kwao mtu. Kwenu wapi?"

"Tanga."

"Hapo kwa baba. Kwa mama?"

"Newala."

"Aa! Basi wewe wa huku, umepotelea Tanga tu."

Nilimuuliza jina la binti wa Mrimba. Alisuka kidogo, akasema hilo hawakuachiwa.

Watu wa kusini hawaulizi "kwa mama" kwa kupoteza muda. Wamwera, Wamakonde, Wayao, wote hawa asili yao ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto anarithi kwa mjomba. Sasa rudi kwenye toleo la Kiswahili. Binti wa Mrimba anazaa mwana. Kijana anapokua anafunga safari kwenda Ruvuma kumtafuta babu yake mzaa mama, na Mrimba anamkabidhi utawala: mimi nimezeeka, watawale watu wewe. Kwa msikilizaji wa huku, hapo ndipo hadithi inapofungwa. Nguo zilinunua mahali pa kukaa. Haki ya kutawala ilipita tumboni mwa mwanamke asiye na jina. Wasomi waliojaa nasaba za kiume waliisoma hadithi hiyohiyo wakaona Mwajemi amenunua Afrika kwa vitambaa.

Jumapili. Husuni Kubwa

Nimelala Kisiwani kwa familia ya mwongozaji. Asubuhi uji, kisha njia ya miguu kupita mibuyu na mashamba ya muhogo mpaka kwenye ncha inayotazama bahari.

Husuni Kubwa ni jumba la mtu mwenye fedha nyingi na mpango mkubwa kuliko fedha. Vyumba zaidi ya 100, nyua zilizoshushwa chini, ngazi zinazoteremka mpaka ufukweni, na birika la kuogea la pembe nane linaloning'inia karibu na genge. Halikumalizwa, na watu waliishi humo kwa muda mfupi tu. Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ya Sofala ikipitia mikononi mwake. Sarafu yake moja iliokotwa Great Zimbabwe.

Mwongozaji, ambaye tangu jana amekuwa mwangalifu zaidi na maneno yake, aliniuliza: na huyu naye ni Mshirazi? Hapana. Ukoo wa Ali ulikuwa umeondoka madarakani mwishoni mwa karne ya 13, wakaingia ukoo wa Mahdali, ambao asili yao inatajwa Yemen. Jumba kubwa kuliko yote lililo na jina la Washirazi kwenye midomo ya wageni lilijengwa na ukoo uliowapokonya. Nasaba ya Shiraz imekuwa msumari wa kutundikia kila kitu.

Ibn Battuta alimkuta huyu sultani akiwa hai, mwaka 1331. Amemsifu kwa ukarimu: fakiri wa Yemen alimsimamisha njiani akitoka swala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Ndugu yake Daud aliyemrithi alikuwa mkono wa birika. Mwombaji akija anajibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Tunapenda kuisimulia habari hiyo. Ambayo hatuisimulii ni mistari ya juu yake, ambapo Ibn Battuta anawaeleza wakazi wa Kilwa: wengi wao ni Wazanji, weusi sana, wenye chanjo usoni. Hakuandika kwamba ni Waajemi. Aliyatazama macho na nyuso za watu waliokuwa wakiswali naye akaona chanjo. Mistari mingine ya ukurasa huohuo inasema sultani alikuwa akishambulia nchi ya Wazanji wasio Waislamu na kuleta mateka. Kwa hiyo mji wa watu weusi wenye chanjo ulikuwa ukivamia watu weusi wengine bara na kuwaita makafiri. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa mji kama huo angehitaji babu wa mbali, anza hapo. Babu wa Shiraz anakutenganisha na yule unayemfunga kamba.

Tulikula pweza na muhogo wa nazi chini ya mwembe. Kurudi Masoko tumepiga tanga kwa sababu mashine ya boti iligoma, na nahodha alifurahi waziwazi.

Jumatatu. Songo Mnara

Safari ndefu kidogo, kusini. Tumefika maji yamekupwa, kwa hiyo mguu mmoja tope, mguu mmoja mizizi ya mikoko, viatu shingoni. Pamoja na Kisiwani, magofu haya yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na kwa miaka kumi, 2004 hadi 2014, yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Bahari inakula ukingo na mizizi ya miti inafungua kuta. Ukarabati unaonekana, na chokaa mpya ni nyeupe mno.

Kisiwani unaona masultani. Hapa unaona nyumba. Mji uliishi tangu mwisho wa karne ya 14 mpaka mwanzo wa karne ya 16, ukahamwa, na hakuna aliyejenga juu yake. Unaingia kwa ngazi, unakuta ua, ua una baraza za kukalia pande zote, ndani chumba kirefu chembamba, nyuma yake kingine, na ukutani vidaka vya kuwekea vyombo. Mgeni anaishia uani. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyokuwa mtu wa nyumba hiyo, na chumba cha mwisho hakina dirisha. Nimekulia nyumba ya Tanga iliyopangwa hivihivi kwa saruji na bati, na shangazi aliyekuwa na uwezo wa kukusimamisha uani kwa jicho tu.

Wachimbaji waliofanya kazi hapa tangu mwaka 2009 hawakuridhika na majumba ya mawe. Walichimba pia palipoonekana patupu, wakakuta nyumba za udongo katikati ya zile za mawe, na uwanja mkubwa ulioachwa wazi kwa makusudi, wenye makaburi. Juu ya makaburi kulikuwa na vijiwe vyeupe vilivyowekwa na watu waliokuja kuzuru. Walikuta pia rundo la mamia ya sarafu za shaba. Sarafu za Kilwa zina vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya nyuma yanamalizikia kwa sauti ileile ya jina la mbele. Ali bin al-Hasan anapata kina cha "-an" nyuma. Watu waliotaka hela yao iwe na vina nawaelewa bila mkalimani.

Kitu kingine kilichonikaa ni vile vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Chittick alivipata Kisiwani kwa wingi. Ni vya kusokotea uzi wa pamba. Mji unaosemekana ulinunuliwa kwa nguo kutoka ng'ambo ulikuwa unasokota uzi wake wenyewe, nyumba kwa nyumba. Sitadai kwamba nguo za Ali hazikuwapo. Nguo za ng'ambo zilikuwa heshima, ndiyo maana hadithi inazitaja. Ila mtu akikuambia Mrimba alikuwa hajaona kitambaa, mwonyeshe kigae.

Jumanne. Masoko, mvua

Mvua tangu alfajiri, hakuna boti. Barazani nilikuwa na mwalimu wa sekondari kutoka Lindi aliyekwama kama mimi, na ugomvi nilioufuata ukanifuata.

Yeye alikuja na DNA. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Matokeo: kuanzia mwaka 1000 hivi, damu ya Afrika na ya Asia zilianza kuchanganyika, na sehemu kubwa ya ile ya Asia ilitoka Uajemi. "Kwa hiyo," mwalimu alisema akiweka kikombe chini, "Washirazi walikuja. Kwisha."

Walikuja, sibishi. Kambi yangu ya zamani iliyosema hakukanyaga Mwajemi ilikosea na ni vizuri ikatulia. Lakini utafiti huohuo unasema jambo la pili ambalo vichwa vya habari vililinyamazia: urithi unaopita kwa mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika, na ule unaopita kwa baba ulikuwa zaidi wa Asia. Wanaume walishuka merikebuni. Wanawake walikuwa hapahapa. Watoto walilelewa kwa lugha ya mama zao, na ndiyo tunayobishania hapa barazani. Na waliopimwa wengi walizikwa makaburini penye heshima, karibu na misikiti. Wale wa nyumba za udongo hatujawauliza.

Mwalimu alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo hadithi ya Mrimba ni ya kweli?" Nikasema umbo lake limekaa sawa kuliko lilivyostahili. Merikebu, posa, binti, mtoto. Panya mwenye pua ya chuma tumwache Shiraz.

Akataka kujua kwa nini tunakumbuka mababa tu. Hapo tulibishana mpaka chakula cha jioni. Yeye anaona ni dini, nasaba ya Kiislamu hufuata baba. Mimi naona dini ilikuwa kisingizio kizuri, maana Waislamu wa huku waliendelea kuuliza "kwa mama" karne zote hizi. Nasaba ya baba iliandikwa na waliokuwa na haja ya kuandika, na walioandika Kitab al-Sulwa walikuwa na mgogoro wa urithi wa kiti na Wareno mlangoni.

Jumatano. Kilwa Kivinje

Bodaboda mpaka Nangurukuru, kisha Kivinje. Masoko ni mji wa ofisi, Kisiwani mji wa magofu. Kivinje ni mji ambao magofu bado yana wapangaji. Boma la Wajerumani limesimama bila paa likitazama bahari. Wauza samaki wamekaa kwenye kivuli chake.

Karne ya 19 utajiri wa Kilwa ulihamia hapa, na utajiri wenyewe ulikuwa watu. Misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia Kivinje. Miaka ya 1860 sehemu kubwa ya waliouzwa Zanzibar walipandishwa majahazi kwenye ufuko huu. Makumi ya maelfu. Hakuna kibao. Kuna kibao cha mashujaa, na kuna Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Makunganya alipigana kweli na alikufa kweli. Pia alikuwa mtu wa misafara, na kumbukumbu zinamtaja kwenye biashara ya watumwa. Kibao kinabeba moja tu.

Nilizungumza na wazee watatu kibarazani karibu na soko. Kwa adabu zote niliuliza asili zao. Mmoja Mshirazi, mmoja Mwarabu wa Oman kwa babu, mmoja Mmatumbi. Nikauliza kama mji una watu ambao bibi zao waliletwa kwa msafara wakabaki. Kimya kidogo, halafu yule Mmatumbi akasema, "Wapo. Hawapo." Wenzake wakacheka, mazungumzo yakahamia bei ya ufuta.

Baada ya utumwa kupigwa marufuku watu walihitaji kabila lisilo na swali, na pwani nzima majina mapya yaliandikwa kwenye vitabu vya sensa. Ushirazi ulipokea wengi. Zanzibar uligeuka kuwa siasa, na chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957 kilibeba maneno yote mawili kwenye jina lake. Simcheki mtu aliyejificha humo. Binti wa Mrimba alipotea jina kwa sababu watoto wake walitukuzwa. Bibi wa Kivinje alipotezwa jina makusudi na wajukuu waliompenda.

Alhamisi. Kurudi

Basi la asubuhi, siti ya nyuma, magunia miguuni. Jirani yangu ni mfanyabiashara wa ufuta, mtu wa swala tano, mchangamfu.

Tulipokaribia njia ya Mohoro nilimwonyesha: huko ndiko Wajerumani walimnyongea Kinjeketile Ngwale, Agosti 4, 1905, siku chache baada ya Wamatumbi wa Nandete kung'oa pamba na vita vya Majimaji kuanza. Kinjeketile wa Ngarambe, aliyepagawa na Hongo, pepo wa majini, akatoka na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa 75,000. Wanahistoria wa baadaye, wakihesabu njaa iliyofuatia nchi kuchomwa, wanakwenda mpaka 250,000 au zaidi.

"Ushirikina ule," jirani alisema. "Uliwaua watu."

Nikamsimulia ya Mrimba ufukweni, akingoja maji yakupwe, na sultani ng'ambo akichinja kafara na kusoma mpaka maji yakagoma kutoka. Hiyo aliijua tangu utoto. Hiyo, alisema, ni dua.

Nikamuuliza tofauti. Mmoja anaamuru maji yamzuie adui, mwingine anaamuru risasi ziwe maji. Dawa ya Kinjeketile nayo haikuzuka hewani. Rufiji watu walikuwa wakienda kuhiji kwenye madhabahu ya Bokero kuomba mvua na mazao kabla Mjerumani hajafika, na watu wa makabila yasiyosikilizana walikwenda kwenye madhabahu ileile. Ndiyo maana habari ilisafiri haraka kuliko askari.

Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia.

"Tofauti ipo," akasema. "Ile ya sultani ilifaulu."

Akashuka Ikwiriri. Ngarambe ipo ndani, magharibi, na konda anasema njia haipitiki kabla ya Juni. Nimeandika namba ya mtu mwenye pikipiki.